Sanaa ya Wajapani na Mafundi wa Magharibi

Katika mwaka 1872 Mfaransa mmoja, jina lake Philippe Burty, aliyekuwa akiandika habari za sanaa, alitunga neno jipya katika lugha yake, nalo ni japonisme. Maana yake ni kupenda mambo ya sanaa ya Japani, kuyachunguza na kuyafuata. Watu hawatungi neno jipya bure. Hulitunga waonapo jambo limetokea mbele ya macho yao, na maneno ya zamani hayatoshi kulitaja. Na jambo lililotokea lilikuwa kubwa: katika muda usiotimia miaka 50, picha zilizochapwa kwa mbao katika Japani, zikauzwa huko kwa bei ndogo kwa watu wa kawaida, ziligeuza namna ya kuchora, ya kupamba nyumba, ya kutengeneza vyombo, na ya kubandika matangazo katika Ulaya na Marekani.

Wengi hulieleza jambo hili kwa maneno mafupi, wakisema, "Wazungu waliwaiga Wajapani." Usemi huo si uwongo, walakini ni nusu ya kweli, maana waficha hatua tatu zilizo mbalimbali. Ya kwanza ni kununua kitu cha mgeni. Ya pili ni kukinakili. Ya tatu ni kuifahamu kanuni iliyokizaa. Sisi tulio walimu twazijua hatua hizi vema, kwa kuwa twaziona kila siku katika watoto: yuko mwenye kitabu, yuko mwenye kuandika maneno ya kitabu, na yuko aliyekielewa. Basi, katika makala hii nataka kueleza jinsi mafundi wa Magharibi walivyopita katika hatua hizo tatu.

MLANGO ULIOFUNGWA

Tangu mwaka 1639, Wareno walipofukuzwa, watawala wa Japani waliwazuia Wazungu wasiingie nchini, isipokuwa Waholanzi tu. Hao nao, tangu mwaka 1641, waliwekwa katika kisiwa kidogo cha Deshima, kwenye bandari ya Nagasaki, wakafanya biashara yao chini ya ulinzi mkali. Kwa mlango huo mwembamba vyombo vya kauri na vitu vilivyopakwa rangi ya kung'aa itokayo katika utomvu wa mti vilifika Ulaya. Watu wakavistaajabia, hata katika Kiingereza jina la nchi ya Japani likawa pia jina la rangi nyeusi ya kung'aa ya kupakia mbao na madebe. Wala tusione ajabu. Sisi nasi twapakua wali katika sinia, na neno hilo limetujia kwa Kiarabu, na asili yake ni Sini, yaani Uchina. Chombo husafiri na jina la nchi yake, hata jina likabaki na nchi ikasahauliwa.

Mwaka 1853 merikebu za kivita za Marekani, zikiongozwa na Matthew Perry, zilifika Japani kutaka mlango ufunguliwe. Mapatano ya kwanza yalitiwa sahihi mwaka 1854, na mwaka 1858 yakafuata mapatano ya biashara pamoja na Marekani na mataifa kadha ya Ulaya. Hapo ndipo vitu vya Kijapani vilipoanza kumiminika, na kati ya vitu hivyo zilikuwamo picha.

PICHA ZENYEWE

Picha hizo huitwa kwa Kijapani ukiyo-e, maana yake picha za ulimwengu unaoelea. Neno ukiyo lina habari ya kupendeza kwa mwenye kuchunguza lugha. Zamani liliandikwa kwa herufi yenye maana ya huzuni, likawa na maana ya ulimwengu huu wa taabu unaopita. Baadaye watu wa mjini wakaliandika kwa herufi nyingine inayotamkwa vilevile lakini yenye maana ya kuelea. Hivyo neno la kusikitikia dunia likageuka kuwa neno la kuifurahia: ikiwa yote yapita, basi na tuyatazame yakipita. Kwa hiyo picha hizo zilionyesha waigizaji, wapigana mieleka, wanawake wakijipamba, wasafiri njiani, mvua, theluji, na maua ya masika. Nyingi zilitengenezwa katika mji wa Edo, ambao tangu mwaka 1868 huitwa Tokyo.

Kazi ya picha moja ilikuwa ya watu wanne. Mwenye duka aliagiza na kutoa fedha. Mchoraji alichora kwa wino juu ya karatasi nyembamba. Mchongaji aliibandika karatasi hiyo kifudifudi juu ya ubao wa mti wa mcheri, akachonga na kuondoa kila mahali pasipo na mstari, na mchoro wa asili ukaharibika papo hapo. Kisha mpiga chapa alipaka rangi ubaoni, akaweka karatasi juu yake na kuisugua kwa mkono, pasipo mashine yo yote. Kila rangi ilitaka ubao wake, na alama ndogo zilizochongwa pembeni zilizuia karatasi isihame mahali pake. Picha za rangi nyingi za namna hii zilianza kuenea mwaka 1765, katika siku za Suzuki Harunobu. Bei yake haikuwa kubwa. Picha ya kawaida iliweza kununuliwa kwa fedha ya bakuli la tambi.

Nimeeleza kazi hii kwa sababu kanuni za picha zilitoka humo. Kwa kuwa kila rangi ina ubao wake, rangi hutandazwa sawasawa kama kitambaa, bila vivuli vya kuufanya mwili uonekane kuwa mnene. Kwa kuwa ubao wa kwanza ni wa mistari, umbo lote huzungushiwa mstari ulio dhahiri. Tena wachoraji hawa hawakuona lazima kuweka jambo kubwa katikati. Waliliweka kando, wakalikata kwa ukingo wa karatasi, na nafasi tupu wakaiacha iwe tupu.

Mfano ulio mashuhuri kuliko yote ni wimbi la Hokusai, lililochapwa mnamo mwaka 1831. Mchoraji alikuwa amekwisha kupita miaka 70. Picha hiyo ni moja ya fungu liitwalo Mandhari Thelathini na Sita za Mlima Fuji, ingawa picha zake kwa hesabu ni 46. Wimbi limeinuka upande wa kushoto kama ukucha, mashua tatu ziko chini yake, na mlima ulio mrefu kuliko yote katika nchi ile waonekana mdogo, katika bonde la maji. Mwenziwe mdogo, Hiroshige, aliyefariki mwaka 1858, alichora mandhari za Edo. Katika picha yake moja ya mwaka 1857 tawi nene la mplamu lapita mbele ya macho, limekatwa juu na kando, nasi twawaona watu wadogo kwa mbali kati ya matawi.

Hapa msomaji ajue jambo moja. Buluu iliyokoza katika wimbi lile si ya Kijapani kwa asili. Ni rangi iliyogunduliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya kumi na nane, ikaletwa Japani kwa biashara. Hata ile namna ya kuufanya mlima wa mbali uwe mdogo Wajapani walijifunza kwa sehemu katika picha za Kiholanzi. Basi kitu kilichowashangaza Wazungu kuwa kigeni kabisa kilikuwa na chembe ya kwao ndani yake.

HATUA YA KWANZA: KUNUNUA

Katika maonyesho makuu ya London ya mwaka 1862 vitu vya Kijapani vilivyokusanywa na balozi Rutherford Alcock viliwekwa watu wavione. Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1867 Wajapani wenyewe walileta vitu vyao. Mwaka 1875 Arthur Liberty alifungua duka lake katika London, akauza hariri na vitu vya Mashariki. Muda si muda nyumba za watu wenye uwezo zikajaa vipepeo, miavuli ya karatasi, viwambo vya kukunja na makimono.

Wachoraji nao wakaviingiza vitu hivyo katika picha zao. Mwaka 1868 Manet alimchora mwandishi Zola ameketi, na ukutani nyuma yake ipo picha ya Kijapani ya mpigana mieleka. Mwaka 1876 Monet alimchora mkewe Camille amevaa kimono chekundu, amezungukwa na vipepeo. Walakini tukiitazama sana picha hiyo ya Monet, twaona ya kuwa vitu ni vya Japani, bali mkono ni wa Ulaya: mwili wasimama katikati, na mikunjo ya nguo ina vivuli vyake kama shule za Paris zilivyofundisha. Mgeni amekaribishwa ukumbini, lakini hajaulizwa neno.

HATUA YA PILI: KUNAKILI

Wa kwanza kunakili kwa ustadi alikuwa Félix Bracquemond. Mwaka 1866 alitengeneza michoro ya sahani za mezani, akatwaa samaki, ndege, wadudu na maua katika vitabu vya michoro vya Hokusai vinavyoitwa Manga, ambavyo juzuu ya kwanza ilitokea mwaka 1814. Aliwatawanya viumbe hao juu ya sahani pasipo kuwapanga sawasawa kuume na kushoto, kama ilivyokuwa desturi ya Ulaya.

Lakini mfano unaotufundisha zaidi ni wa Vincent van Gogh. Yeye na nduguye Theo walikusanya picha za Kijapani mia kadha, na nyingi zimehifadhiwa hata leo katika jumba la makumbusho huko Amsterdam. Mwaka 1887, akikaa Paris, alizinakili kwa rangi za mafuta picha mbili za Hiroshige, ile ya mplamu, na nyingine ya daraja katika mvua. Alipima kwa uangalifu mistari yote. Kisha akazizungushia pambo la herufi za Kijapani alizozitoa katika picha nyingine, naye hakuweza kuzisoma hata moja. Ni nani kati yetu walimu asiyemtambua mwanafunzi huyu? Ameandika herufi zote pasipo kukosea, na ukimwuliza maana yake hana la kujibu. Wala tusimcheke, kwa kuwa mkono wake ulikuwa ukijifunza jambo ambalo kinywa hakijaweza kulisema.

HATUA YA TATU: KUFAHAMU

Mwezi wa Februari mwaka 1888 Van Gogh alihamia Arles, kusini mwa Ufaransa. Miaka miwili baadaye, mwaka 1890, Theo alipata mtoto wa kiume, akamwita Vincent kwa jina la nduguye. Ili kumpongeza, Van Gogh alichora matawi ya mlozi yenye maua meupe juu ya mbingu ya buluu. Katika picha hiyo hamna kipepeo wala kimono, wala herufi asizozijua. Hamna ardhi, wala shina la mti. Matawi yametokea ukingoni na kukatwa ukingoni, yamezungushiwa mstari mweusi, na nafasi iliyo kati yake ni sehemu ya picha kama maua yenyewe. Mlozi ule ni wa Ufaransa, na furaha ile ni ya mjomba wa Kiholanzi, au tuseme baba mkubwa, maana ndivyo lugha yetu ipambanuavyo. Hata hivyo picha hiyo ni ya Kijapani kuliko zile mbili alizozinakili.

Wengine walifika hatua hiyo kwa njia zao. Degas aliwakata wachezaji wake kwa ukingo wa picha, kama mtu aliyechungulia mlangoni. Mary Cassatt wa Marekani, baada ya kuyaona maonyesho makubwa ya picha za Kijapani huko Paris mwaka 1890, alitengeneza picha kumi za kuchapa zenye rangi tulivu, zikionyesha kazi za kila siku za wanawake, kama mama akimwosha mtoto. Whistler alichora daraja la London usiku, nguzo yake moja ikisimama juu sana, na daraja limekatwa pande zote mbili. Huyu aliipata taabu ya mtu anayeleta jambo kabla watu hawajawa tayari. Mwaka 1878 alimshtaki mwandishi Ruskin aliyeidharau kazi yake, na picha ile ya daraja ikaletwa mbele ya baraza akahojiwa juu yake. Alishinda, lakini alipewa fidia ya sarafu iliyo ndogo kuliko zote za Uingereza, na mwaka uliofuata akafilisika.

Katika matangazo ya ukutani kanuni hizi zilifaa mno. Tangazo hutazamwa na mtu anayepita njiani, naye hana nafasi ya kusimama. Tena lilichapwa kwa mawe, na kila rangi ilitaka jiwe lake, kama kila rangi ya Kijapani ilivyotaka ubao wake. Kwa hiyo rangi chache zilizotandazwa, mstari mnene na nafasi tupu vilipunguza gharama na kuvuta macho. Toulouse-Lautrec alianza matangazo yake mwaka 1891 kwa kanuni hizo, na mabango tuyaonayo barabarani hata leo yangali yakizifuata.

Katika vyombo na nyumba mambo yalikuwa vilevile. Mnamo mwaka 1867 Edward Godwin, Mwingereza, alitengeneza kabati jeusi lisilo na nakshi, ambalo uzuri wake ni mpango wa mistari iliyolala na iliyosimama, na nafasi zilizo kati yake. Christopher Dresser alikwenda Japani mwenyewe mwaka 1876, akawaona mafundi kazini. Vyombo vyake vya madini vilikuwa vitupu na vyepesi katika zama zilizopenda kujaza mapambo kila mahali. Frank Lloyd Wright, mjenzi wa Marekani, alisafiri kwenda Japani mwaka 1905, na mwaka uliofuata picha za Hiroshige alizozikusanya ziliwekwa katika maonyesho ya Chicago. Picha zilimfundisha kuondoa yasiyo na kazi, jambo ambalo mjenzi hulihitaji sawa na mchoraji.

JAPANI YENYEWE

Ni vema tuulize: Wajapani wenyewe walikuwa wakifanya nini wakati huo? Jibu lake ni la kutufikirisha. Baada ya mageuzi ya mwaka 1868 serikali mpya ilitaka kulingana na mataifa ya Ulaya kwa kila jambo. Mwaka 1876, mwaka uleule Monet alipoionyesha picha ya mkewe katika kimono, serikali ya Japani ilifungua shule ya sanaa katika Tokyo, ikamwita Mwitalia, Antonio Fontanesi, awafundishe vijana kuchora kwa rangi za mafuta na kutia vivuli. Upande mmoja wa dunia ulikuwa ukijifunza kuviacha vivuli, na upande wa pili ukijifunza kuvitia. Kujifunza huko hakukuwa kosa. Hatari ilikuwa kwamba wengi walianza kuidharau kazi ya baba zao kuwa ni kitu cha zamani kisicho na thamani, na picha zikauzwa nje kwa wingi.

Mwaka 1878 alifika Tokyo mwalimu wa Kimarekani, Ernest Fenollosa, kufundisha falsafa. Akaiona hazina ile, akaanza kuitetea, pamoja na mwanafunzi wake Okakura Kakuzo. Mwaka 1889 shule mpya ya sanaa ilifunguliwa katika Tokyo, na kwanza haikufundisha uchoraji wa Ulaya hata kidogo; huo uliongezwa mwaka 1896, ukakaa kando ya ule wa asili. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini tuangalie vema ni nani aliyepona: Mzungu aliponywa na picha ya Mjapani, na Mjapani akakumbushwa na Mmarekani kuwa hazina ilikuwa nyumbani.

DARASANI

Nimeyaacha ya shule kuwa ya mwisho, kwa kuwa ndiyo yatuhusuyo. Arthur Wesley Dow, Mmarekani, alisoma uchoraji Paris, akarudi kwao hajaridhika. Mwaka 1891 katika Boston aliona picha za Hokusai, kisha akafanya kazi pamoja na Fenollosa, aliyekuwa amerudi kutoka Tokyo. Mwaka 1899 alitoa kitabu cha kufundishia, na tangu mwaka 1904 alifundisha walimu katika chuo kikuu cha Columbia huko New York. Mchoraji mashuhuri Georgia O'Keeffe alikuwa mmoja wa wanafunzi wake.

Dow alifundisha mambo matatu: mstari, notan, na rangi. Notan ni neno la Kijapani, na maana yake ni mpango wa weusi na weupe, jinsi vilivyopimwa viwili hivyo hata vikapendeza pamoja. Si kivuli, kivuli huonyesha mahali jua lilipo, bali notan ni mpango wa mchoraji mwenyewe. Mwanafunzi hakupewa kwanza sanamu ya kunakili. Alipewa mraba mtupu, akaambiwa augawe kwa mistari michache mpaka uwe mzuri. Kisha akapewa tawi au ua, akaambiwa atafute mahali pake katika mraba ule. Alitakiwa kuchagua, na kila kuchagua ni kufikiri.

Nami naungama kosa langu. Miaka mingi niliwapa watoto picha za vitabu wazinakili, na aliyezipatia sana nilimpa alama nyingi. Siku moja mtoto mmoja, asiyejua kunakili vema, alichora ukingoni mwa karatasi nusu ya ng'ombe tu, na sehemu iliyobaki akaiacha tupu. Nikamwambia, "Hukumaliza kazi." Akanijibu, "Mwalimu, nimemaliza. Ndiyo kwanza anaingia." Nilimpa alama ndogo. Baadaye nilipozisoma habari hizi za Hiroshige na Degas nililikumbuka jibu lake, nami nikaona kwamba siku ile aliyekuwa hajaelewa kazi alikuwa mimi.